Je, wajua kwa nini filamu ya Mmarekani mweusi ya 1920 ilipatikana Madrid na si Chicago?

Within Our Gates ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi Januari 1920. Aliyeiandika, akaiongoza na kuiuza ni Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi ambaye baba yake alizaliwa utumwani Kentucky. Kati ya filamu ndefu zote zilizoongozwa na Wamarekani weusi, hiyo ndiyo kongwe kuliko zote tulizonazo leo. Hata hivyo, kwa miongo mingi ilidhaniwa imepotea kabisa. Nakala tunayoitazama sasa ilikutwa katika hifadhi ya taifa ya filamu ya Hispania, Madrid, ikiwa imebatizwa jina la La Negra, na karibu maandishi yake yote ya kwenye skrini yakiwa ya Kihispania.

Ilifikaje huko? Na zile nakala zilizozungushwa Marekani kwenyewe zilikwenda wapi?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba filamu za zama zile zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachooza kikitunzwa vibaya na kinachowaka hata kikizamishwa majini. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu karibu 11,000 za kimya zilizotengenezwa nchini humo, ni kama 14 tu katika kila 100 zilizosalia katika umbo lake la asili. Lakini tazama hesabu ya Micheaux. Aliongoza filamu za kimya zaidi ya 20. Zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo zimetujia kwa nakala za Ulaya: hii ya Madrid, na The Symbol of the Unconquered iliyokutwa Ubelgiji ikiwa na maandishi ya Kifaransa na Kiflemi. Naitreti peke yake haielezi hilo. Mimi naamini jibu liko katika namna alivyouza filamu zake: mbinu ileile iliyomwezesha kufanya kazi bila kampuni kubwa ndiyo iliyozila nakala zake.

Micheaux alizaliwa mwaka 1884 karibu na mji wa Metropolis, Illinois. Ujanani alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman. Kazi ile ilimfundisha miji na watu wa nchi nzima, na akiba yake aliitumia kununua ardhi South Dakota, akalima kati ya walowezi wazungu. Kilimo kilipomshinda aliandika riwaya kuhusu maisha hayo, akazichapisha mwenyewe na kuzipeleka mlango kwa mlango. Mwaka 1918, George Johnson, karani wa posta wa Omaha aliyekuwa pia akiendesha na kaka yake Noble kampuni ya filamu ya Lincoln, alisoma riwaya ya The Homesteader na kutaka kuifanya filamu. Mazungumzo yalivunjika. Micheaux alitaka filamu ndefu, wakati Lincoln ilikuwa imezoea filamu fupi, na alitaka awepo yeye mwenyewe katika utengenezaji.

Basi akaanzisha kampuni yake. Hakwenda benki. Alirudi kwa watu waliokwisha kununua vitabu vyake, wengi wao wakulima wazungu wa kandokando ya Sioux City, Iowa, akawauzia hisa kwa dola 75 hadi 100 kila moja. Mtu mweusi, katika Marekani ya mwaka 1918, anawashawishi wakulima wazungu watoe fedha zao ili atengeneze filamu yenye waigizaji weusi! Kila nikisoma habari hii nashangaa upya. Mwezi Februari 1919 The Homesteader ilionyeshwa Chicago. Mpaka leo haijaonekana tena.

Kutengeneza ilikuwa nusu tu ya kazi. Kampuni kubwa za wakati ule, Paramount ya Adolph Zukor ikiongoza, zilikuwa zikiwabana wenye kumbi wanunue filamu zao kwa mafungu: ukitaka ile yenye nyota mashuhuri, uchukue na nyingine nyingi ambazo hujaziona. Baadaye zikaanza kununua kumbi zenyewe. Mtayarishaji asiye na mgongo alibakiwa na njia mbili. Angeweza kuuza haki za kuonyesha jimbo kwa jimbo: mfanyabiashara analipa bei moja, anapewa eneo lake, na anachovuna humo ni chake. Au angeizungusha filamu mwenyewe mji kwa mji, akigawana mapato ya mlangoni na mwenye ukumbi.

Njia hizi hazikuwa za maskini peke yao. The Birth of a Nation ya 1915, filamu iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wenye kutumia nguvu, na kumchora mtu mweusi kama mnyama, nayo ilitengenezwa nje ya kampuni kubwa. Ilianza katika kumbi za fahari kwa tiketi ya dola 2, bei isiyosikika kwa sinema siku hizo, kisha haki zake zikauzwa kwa maeneo. Louis B. Mayer, aliyekuja kuwa mkuu wa studio ya MGM, alinunua haki za New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, na faida aliyopata humo ilimfungulia njia ya kwenda Hollywood. Within Our Gates husomwa na wengi kama jibu kwa filamu hiyo. Mhusika wake mkuu, mwalimu Sylvia Landry anayeigizwa na Evelyn Preer, anakwenda Boston kutafuta fedha za kunusuru shule ya watoto weusi wa kusini. Karibu na mwisho tunaonyeshwa yaliyompata zamani: wazazi waliomlea wananyongwa na kundi la wazungu, na wakati huohuo yeye anashambuliwa na mzungu ambaye anagundua, kwa kovu alilonalo, kwamba huyu ni binti yake wa kumzaa. Micheaux aliyapanga matukio hayo mawili yapishane, ili mtazamaji asipate pa kupumzisha macho.

Jibu hilo lilikuwa na soko dogo mno. Kumbi zilizowapokea watazamaji weusi zilikuwa mia kadhaa kwa nchi nzima, nyingi zikiwa ndogo. Kwingine mwenye ukumbi wa wazungu aliwafungulia watu weusi usiku wa manane tu, baada ya wateja wake wa kawaida kuondoka. Kwa hiyo Micheaux alisafiri. Alikwenda kwa mwenye ukumbi na picha za filamu mpya mkononi, akamsimulia hadithi kwa ufasaha wake wote, akamsainisha mkataba na kuomba malipo ya awali. Fedha hizo ndizo zilizotengeneza filamu inayofuata.

Hapo ndipo penye siri ya kupotea kwa nakala. Kila nakala iligharimu fedha, na fedha haikuwepo, hivyo alitengeneza chache. Nakala moja ilionyeshwa usiku huu hapa, kesho ikapandishwa treni kwenda mji mwingine. Mashine za kuonyeshea, nyingine zikizungushwa kwa mkono, zilikwaruza picha na kupasua matundu ya pembeni. Palipokatika, mwendesha mashine alikata kipande kibovu na kuunganisha. Mkanda ulizidi kufupika kila mwezi. Kampuni kubwa iliweza kuacha nakala safi ghalani, ingawa nazo ziliteketeza nyingi. Mtu anayeishi kwa mkataba hadi mkataba hawezi kuacha nakala ilale bila kuingiza kitu. Sioni uzembe katika hilo. Ndivyo biashara yake ilivyokuwa.

Kisha kulikuwa na mkasi wa serikali. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba filamu ni biashara tu na hailindwi kama uhuru wa kusema, na hivyo majimbo na miji ikawa huru kuweka bodi za kukagua. Bodi ya Chicago iliikataa Within Our Gates mwanzoni. Julai 1919 mji huo ulikuwa umewaka kwa ghasia kati ya wazungu na weusi zilizoua watu 38, na wakaguzi walihofu kwamba tukio la kunyongwa lingewasha moto tena. Iliruhusiwa baadaye, baada ya mabishano na ukaguzi wa pili. Micheaux aliigeuza taabu hiyo kuwa tangazo: watu wakaambiwa kwamba ilichukua miezi miwili kuipitisha kwenye bodi. Huko Shreveport, Louisiana, ukumbi mmoja uliikataa moja kwa moja.

Bodi zilikuwa nyingi na kila moja ilichukia kitu chake, kwa hiyo filamu moja ilikuwa na sura nyingi. Kipande kilichoondolewa mji huu kiliweza kurudishwa mji ule. Mwaka 1925 wakaguzi wa New York waliikataa Body and Soul, filamu ya kwanza ya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi mashuhuri, kwa sababu ilimwonyesha mhubiri mwizi na mbakaji. Micheaux aliikatakata na kuipanga upya, uovu wote ukawa ndoto ya mama mmoja muumini. Hiyo ndiyo filamu yake pekee ya kimya iliyosalia nyumbani, na tunachokiona ni kile wakaguzi walichokubali. Mwisho ule wa ndoto unanikera, kwa kuwa Robeson anatisha kweli mpaka dakika ile.

Ng'ambo mambo yalikuwa tofauti. Filamu ya kimya haikuhitaji kutafsiriwa ila zile kadi za maandishi. Unazitoa za Kiingereza, unatia za Kihispania, na filamu ina soko jipya kwa gharama ndogo. Kwa mtu kama Micheaux hiyo ilikuwa fedha ya ziada. Na mara nyingi nakala ikishafika mwisho wa safari, kuirudisha kulikuwa ghali kuliko thamani yake, ikaachwa hukohuko, mbali na mashine za kila usiku. Umbali huo ndio uliozipa nakala nafasi ya kuishi.

Maktaba ya Bunge la Marekani ilipokarabati Within Our Gates mwaka 1993, kadi nne tu za Kiingereza zilikuwa zimebaki. Nyingine zote zilirudishwa kutoka Kihispania, wataalamu wakifuata namna Micheaux alivyoandika katika riwaya zake. Sehemu moja ya hadithi haikuwepo kabisa, ikabidi ijazwe kwa maelezo mafupi kwenye skrini.

Mwaka 1928 Micheaux alifilisika, na wakati huohuo sauti ikaingia. Filamu inayozungumza ilihitaji vifaa vya bei kubwa, na haikuwezekana tena kuiuza Madrid au Brussels kwa kubadilisha kadi tu. Alirudi mwaka 1931 na The Exile, filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, lakini safari hii mtaji ulitoka kwa Frank Schiffman na Leo Brecher, wazungu waliomiliki kumbi za sinema Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York.