Umechoka na kikosi au umechoka na kazi? Yanayosemwa Moshi kuhusu kubadili fani katika jeshi la Marekani

Simu ililia saa tisa usiku. Ukiwa na ndugu Texas unazoea: kwake ni saa kumi na mbili jioni, ndiyo kwanza amevua buti, na hasira za mchana bado ni za moto. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa amejaza fomu ya kuomba kubadili fani, akaipiga picha na kunitumia WhatsApp. Ni fomu namba 4187, naifahamu vizuri, maana katika jeshi la nchi kavu la Marekani karatasi hiyo ndiyo inayoombea karibu kila kitu. Kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika, kwa Kiingereza cha adabu kabisa, kwamba sajenti wake anamwonea.

Kulipokucha nikapanda Kibosho. Nilimkuta shangazi anamenya ndizi za mtori, habari zote anazo na majibu yote anayo. Kuna mama wa jumuiya yake ambaye kijana wake yuko jeshi hilohilo, naye "alihama kwa wiki mbili tu". Kwa hiyo kwa nini huyu wetu ateseke?

Nilivaa magwanda ya jeshi hilo miaka minane, nusu nikiendesha malori, nusu nikiwa tabibu wa askari. Kila Desemba, watu wakirudi nyumbani na kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kikijaa, nasikia maneno yaleyale. Mengine yana ukweli ndani yake, ila umekaa upande usiotarajiwa.

"Kikosi kikikushinda, badili fani"

Hii ndiyo mama yao, na mimi mwenyewe ilinila.

Askari ana vitu viwili ambavyo raia huviona kama kimoja. Kuna fani, ambayo iko kwenye karatasi zake kwa tarakimu mbili na herufi: 11B ni askari wa miguu, 68W tabibu, 88M dereva wa malori, 91B fundi wa magari, 92G mpishi. Halafu kuna kikosi, yaani mahali alipopangwa na watu aliowakuta: kambi, kamanda, sajenti, chumba, lindo la Jumamosi. Ukihama unaondoka na fani yako, kikosi unakiacha nyuma. Na hicho kikosi chenyewe hakitulii. Kamanda wa kombania hukaa kwenye kiti mwaka mmoja au miwili, kisha anakuja mwingine. Askari wa kawaida naye akifikisha kama miaka mitatu kambi moja huanza kutazamia uhamisho.

Nilipokuwa dereva, sajenti wangu alikuwa na kipaji cha kukumbuka jina langu kila Ijumaa jioni. Gari likiwa chafu ni mimi, na likiwa safi kupita kiasi ni mimi pia, maana lazima kuna nilichoficha. Malori yenyewe niliyapenda. Napenda harufu ya dizeli mpaka leo. Ila badala ya kumkimbia sajenti nikayakimbia malori. Nikaomba utabibu, nikapata, nikapelekwa San Antonio kwenye kozi ya wiki 16. Sikuwa nimefika nusu ya kozi nikasikia sajenti kahamishiwa kambi nyingine. Nilipohitimu nikapangwa kwenye kombania ya askari wa miguu, na tabibu wao hulala wanapolala wao. Wiki tatu nzima porini, kwenye baridi, mkoba wa dawa mgongoni, nikiwaza kiti cha lori kilivyokuwa na joto.

Utabibu nilikuja kuupenda baadaye. Lakini siwezi kusema niliuchagua. Nilichagua kuondoka, basi.

Kwa hiyo nilimuuliza mdogo wangu maswali mawili hapohapo usiku. Kazi yenyewe, ukiifanya na watu wengine, ungeipenda? Watu hawa, ukiwa nao kwenye kazi nyingine, ungewavumilia? La kwanza alijibu haraka, ndiyo. La pili alinyamaza, kisha akacheka. Hilo tayari ni jibu.

"Yule kijana alihama kwa wiki mbili"

Huenda ni kweli, ila hakubadili fani. Ndani ya batalioni moja kuna kombania kadhaa, na kila kombania ina platuni zake. Kumtoa askari platuni hii na kumweka ile, au kumpeleka kombania ya jirani, ni jambo la kamanda na sajenti meja wao kukubaliana. Halihitaji kozi wala mkataba mpya, na fani inabaki ileile. Fani mpya ina foleni yake na shule yake, na hayo kwa kawaida hayaishi kwa wiki mbili.

Watu wengi hawajui kwamba dawa ya haraka ndiyo hiyo. Anayetaka kumkimbia sajenti mmoja ajaribu mlango huu kabla ya kugusa fani. Aombe kwa utaratibu, kuanzia kwa mkubwa wake wa karibu kwenda juu, na sababu iwe ya kazi: anataka kujifunza kitu fulani, au platuni ile ina upungufu. Malalamiko matupu hayahamishi mtu, tena hutangulia kufika kule anakotaka kwenda.

"Unaomba siku yoyote, kamanda akisaini imekwisha"

Hapa tunachanganya na uhamisho wa walimu wetu, ukipata wa kubadilishana naye kituo unaanza kufunga mizigo. Jeshi la Marekani linakwenda kwa mkataba. Kijana anapojiunga, fani yake inaandikwa kwenye mkataba. Akishapelekwa shule ya fani hiyo, jeshi kwa upande wake limetimiza ahadi, na sasa ni zamu yake kuitumikia. Ndani ya mkataba wa kwanza milango ni michache. Mlango mkubwa hufunguka muda wa kuongeza mkataba unapokaribia.

Na hata hapo lazima mambo mawili yakubaliane. Fani unayoiacha iwe na watu wa kutosha, vinginevyo hawakuachii. Fani unayoitaka iwe na upungufu, vinginevyo hawana pa kukuweka. Jeshi hutoa orodha ya fani zinazoruhusu kutoka na zinazoruhusu kuingia, kwa kila cheo, na orodha hiyo hubadilika mara kwa mara. Leo mpishi mwenye cheo cha koplo anaruhusiwa kutoka, miezi michache mbele mlango umefungwa. Ndiyo maana hadithi ya mtu aliyebadili mwaka juzi haina msaada mkubwa kwa anayetaka kubadili leo.

Saini ya kamanda wa kikosi, kwa kawaida, ni pendekezo. Uamuzi hutoka kwenye kamandi ya rasilimali watu ya jeshi, iliyoko Fort Knox, Kentucky. Kwa hiyo kamanda kukubali siyo mwisho. Lakini pendekezo lake lina uzito, na ukigombana naye wiki moja kabla ya kuomba, usishangae.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningelijua mapema lingeniokoa. Anayeongeza mkataba huweza kuwekewa mezani chaguo zaidi ya moja, kutegemea fani yake, cheo chake na mahitaji ya jeshi. Anaweza kuchagua shule ya fani nyingine. Anaweza kuchagua kubaki kambi aliyopo kwa muda uliohakikishwa. Anaweza kuchagua kambi nyingine, ndani ya Marekani au nje. Sasa angalia: anayeipenda kazi na kuchukia kikosi, chaguo lake ni kambi, siyo shule. Na mara nyingi chaguo hupewa moja, siyo yote. Nilikaa mbele ya mshauri wa mikataba, sajenti mpole mwenye kikombe kikubwa cha kahawa, akaniuliza nataka nini. Nikasema shule. Hakuniuliza kwa nini, maana hiyo haikuwa kazi yake.

"Alama za mwanzo ndizo za milele"

Si kweli, na hii inawagusa sana vijana wetu. Mtihani wa kuingilia, ASVAB, hutoa alama za makundi, na kila fani ina kiwango chake. Utabibu, kwa mfano, ulidai 107 kwenye kundi la GT, na fani nyingi nzuri hudai 110. GT hutokana na mambo mawili tu, maneno ya Kiingereza na hesabu za mafumbo. Kijana aliyetoka kidato cha sita na PCM yake safi, fizikia, kemia na hesabu, anaanguka kwenye maneno. Mwingine anaanguka kwenye sehemu ya ufundi kwa sababu kila kifaa anakijua kwa jina la gereji za Majengo, hapa Moshi, na mtunga mtihani hajawahi kufika Majengo.

Mtihani unarudiwa ukiwa ndani ya jeshi, mradi miezi 6 iwe imepita tangu ulipoufanya mara ya mwisho. Kambi nyingi zina darasa la kunoa Kiingereza na hesabu kwa ajili ya hilo tu, halilipiwi, na huwa ni saa za kazi. Tatizo ni sajenti kukuachia uende. Ndiyo, sajenti yuleyule.

"Utashushwa cheo na kurudi kuwa kruta"

Hapana. Cheo kinabaki, na mshahara vilevile, kwa sababu mshahara wa msingi hufuata cheo na miaka, haufuati fani. Wanaosema fani fulani "inalipa" huwa wanazungumzia bonasi, nayo hutolewa pale penye upungufu na huja na miaka ya ziada ya kutumikia. Kwata ya depo hairudiwi. Utakaa tu darasani na watoto wa miaka 18 wanaokuita sajenti huku wakikupita kwenye majaribio.

Gharama ya kweli iko kwenye kupanda cheo. Kutoka koplo kwenda sajenti, na sajenti kwenda ngazi ya juu yake, kila fani ina alama zake za kukatia. Fani iliyojaa watu huweka 798 kati ya 800, na hiyo ni namna ya kusema hapandi mtu. Kuna waliobadili fani kwa ajili hiyo tu, na nadhani hawakukosea. Upande wa pili, sajenti aliyehamia fani mpya anaongoza askari wanaoijua kazi kumzidi.

Wenye familia waangalie pia urefu wa kozi. Ikiwa chini ya wiki 20 mahali pamoja, unakwenda peke yako kisha unarudi au unapangwa kwingine. Ikifika wiki 20 au zaidi huhesabiwa uhamisho kamili, na mke na watoto wanaweza kufuata. Ukifeli kozi, hakuna anayekuahidi fani yako ya zamani, unapangiwa kwa mahitaji ya jeshi.

"Mwenye grini kadi yuko sawa na raia"

Kwa kuingia jeshini kama askari wa kawaida, ndiyo. Kwa kuchagua fani, hapana. Kazi zote zinazohitaji kibali cha kushughulika na siri za serikali, zikiwemo za upelelezi na sehemu ya mawasiliano, ni za raia. Uofisa pia. Basi aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza akapewa upishi, anayelia kwamba kanyimwa kompyuta, huenda hajanyimwa kwa rangi wala jina. Karatasi yake ndiyo imefungwa. Akipata uraia, ambao jeshini huja kwa njia fupi kuliko ya uraiani, orodha yake ya fani inakuwa nyingine kabisa. Ningekuwa yeye ningeshughulikia hilo kwanza.

"Ukivurunda watakutoa wenyewe"

Kuna wanaoshauri hivi, tena kwa sauti ya kujiamini, wakiwa na glasi ya mbege mkononi. Kutoroka kambini ni kosa la kijeshi, na baada ya siku 30 unaandikwa mtoro kamili. Kwa mtu aliyepata uraia kupitia jeshi kuna la kuogopesha zaidi: akifukuzwa kwa mwenendo usio wa heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi, uraia wenyewe unaweza kufutwa. Wazazi wa Moshi wasikilize hapo.

Kama kuna uonevu wa kweli, siyo ukali tu, pana milango. Kasisi wa kijeshi anatunza siri, hata kwa asiye wa dhehebu lake. Yupo mkaguzi mkuu anayepokea malalamiko, na hairuhusiwi kukuadhibu kwa kwenda kwake. Kwa kamanda aliyekukosea, kifungu cha 138 cha sheria ya kijeshi kinakupa haki ya kudai akurekebishie, na akikataa unapeleka shauri juu yake. Hakuna hata mlango mmoja hapo unaopitia kwenye fomu ya kubadili fani.

Nilimweleza shangazi nusu ya haya, nyingine akaniambia nile kwanza, mtori unapoa. Mdogo wangu hakuituma ile fomu. Ameomba kombania ya jirani, bado anasubiri, na anahudhuria darasa la kunoa alama. Juzi, saa tisa usiku tena, alinitumia swali la mazoezi: gari mbili zinaondoka miji miwili kwa wakati mmoja, zinakutana wapi? Maili zilikuwa zinamchanganya. Nikamwandikia: weka Noah inayotoka Moshi na Coaster inayotoka Arusha, kilomita 80 katikati. Akapata jibu kwa dakika mbili, ila akasema Noah ingefika kwanza Boma Ng'ombe ikasimama kungoja abiria.