Kibaba na Pishi za Intaneti

Kijana mmoja mwenye duka la kuchapa na kudurufu pale Ngamiani, Tanga, alikuja kwenye kitengo chetu cha TEHAMA akiwa amefura. Amelipia intaneti ya Mbps 10, lakini akipakua faili, kompyuta inamwonyesha MB 1.2 tu kwa sekunde. "Wamenipunja," akasema. Tukapima. Hakupunjwa, alichanganya b ndogo na B kubwa.

b ndogo ni biti, alama moja tu: 0 au 1. Neno hilo Claude Shannon wa Marekani alilichapisha mwaka 1948, akaeleza kuwa amelipata kwa John Tukey. B kubwa ni baiti, nayo ina biti 8. M ni mega, yaani milioni, na "ps" ni kwa sekunde. Wazee wa Tanga hawatatatizika hapa, maana wanajua vibaba vinne ndiyo pishi, na bei ya kibaba si bei ya pishi. Kasi ya intaneti hutangazwa kwa kibaba, ila faili na bando hupimwa kwa pishi.

Basi gawanya kwa 8. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo filamu ya MB 700 itashuka kwa dakika 9 na ushei, na bando la GB 1, yaani MB 1,000, litakwisha ndani ya dakika 13 na sekunde 20 ukipakua mfululizo.

Wengi husema tangu wahamie 4G bando linaliwa. Kasi yenyewe haili bando: filamu ya MB 700 ni MB 700 hata ikishuka kutwa nzima. Walaji ni video, kwa sababu nyingi hujipandishia ubora zikiona njia pana. Ingia kwenye mipangilio uteremshe hadi 480 au 360. Kwenye kioo cha simu mimi sioni tofauti kubwa, labda ni macho yangu.

Na flashi? Ya GB 64 ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows husomeka kama 59.6. Mtengenezaji anahesabu kilobaiti kuwa baiti 1,000, Windows inahesabu 1,024, tofauti inazidi kukua kila ngazi hadi kufika GB, na wote wanaandika GB. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilikipa kipimo cha pili jina lake, gibibaiti, lakini madukani sijamsikia mtu akilitaja. Kwa hiyo 59 isikutie wasiwasi. Flashi inayodai GB 64 halafu faili zinaanza kuharibika ukishaweka GB 8, hiyo ndiyo ya kurudisha dukani, na risiti mkononi.