Mazuku nayo ni maada

Kila mwaka ninapoanza kemia na darasa jipya hapa Goma, swali langu la kwanza ni hili: maada ni nini? Jibu huja upesi: ni kitu kinachoonekana na kushikika. Nauliza tena: na mazuku je? Hapo wananyamaza. Mtoto aliyekulia upande wa Sake anaijua mazuku, ule upepo mbaya unaolala mashimoni na kuua mbuzi, mbwa, hata watu. Haionekani wala haishikiki. Lakini kisichokuwepo hakiui.

Basi tunaanza upya. Maada ni chochote chenye tungamo, yaani kile tunachokipima kwa kilo, na kinachochukua nafasi, hewa ikiwemo. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa 6 na kimo cha 3 lina mita za ujazo 144. Kwetu huku, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kila mita ya ujazo ya hewa ina takribani kilo moja. Tumekaa ndani ya kilo kama 140 za hewa.

Mazuku kwa sehemu kubwa ni kabonidioksidi, inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za miamba. Ukilijaza darasa lilelile kwa gesi hiyo, utapata zaidi ya kilo 210. Nafasi ni ileile, tungamo limezidi: hiyo ndiyo densiti. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anaijua tangu zamani. Gunia la makala (makaa) na gunia la mchanga hulingana kwa macho, ila mlimani utajua lipi ni lipi.

Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, gesi hii huteremka kama maji na kutuama bondeni. Alfajiri isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi. Baadaye jua na upepo huitawanya. Mbuzi hutangulia kufa kwa sababu pua yake iko chini. Mtoto mdogo naye yuko chini. Katika hewa ya kawaida kabonidioksidi ni kama asilimia 0.04 tu, ikifika asilimia 10, mtu huweza kuzimia ndani ya dakika chache.

Darasani naionyesha kwa beseni refu lenye bugi (mishumaa) mbili, fupi na ndefu, zote zikiwaka. Kwenye jagi natia gramu 10 za bikaboneti (soda ya kuokea) na siki ya kutosha. Povu linatoa karibu lita tatu za gesi. Nainamisha jagi taratibu juu ya beseni, bila kumwaga siki. Hakuna kinachoonekana kikimwagika, lakini bugi fupi inazimika, kisha ndefu. Huwa narudia mara mbili, maana wa nyuma hawaamini. Tena nawaonya: msiende kupima shimo kwa bugi. Mtu anaweza kuzidiwa na gesi kabla moto haujazimika.

Hali tatu za maada, yaani yabisi, kimiminika na gesi, napita haraka, volkano yetu Nyiragongo imeshazifundisha. Mwamba wa majimaji ulioingia mjini mwaka 2002 leo ni makoro, mawe tunayojengea kuta.

Panapotaka utulivu ni kwenye aina za sifa. Densiti ni sifa ya kimaumbile: unaipima na gesi inabaki gesi ileile. Kuwaka au kutowaka ni sifa ya kikemia, kwa kuwa kinachowaka hugeuka kitu kingine. Chini ya ziwa Kivu kuna kabonidioksidi na methani zilizoyeyuka majini. Methani nayo haina rangi, ila ni nyepesi kuliko hewa na inawaka. Ng'ambo, Rwanda, wanaichoma kupata umeme. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Sifa zake ndizo zinazozitenganisha.

Swali ninaloulizwa kila mwaka: «Mwalimu, mwenzangu akianguka shimoni, nimfuate?» Hapana. Ukishuka, nawe unaingia katika gesi ileile. Baki juu, piga kelele, ita watu wazima, na kama kuna kamba mvuteni mkiwa juu.