Hadithi za wasanii: tafuteni kazi, msitafute machozi

Watu wakisikia klabu yetu ya vitabu inasoma hadithi za wasanii, wengi hutarajia machozi. Mchoraji anakufa maskini, mwimbaji anamalizwa na pombe, mshairi anarukwa na akili. Hadithi za namna hiyo ni tele na zina wasomaji wake. Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Dar es Salaam na ndiye ninayeongoza klabu, na niliwaomba wanachama tusome kwa jicho lingine: tutafute kazi. Msanii huyu anatumia vifaa gani? Nani anamsagia rangi, nani anamlipa, nani amesahauliwa pembeni wakati wenzake wanasifiwa? Mwandishi akituonyesha hayo, hata huzuni ya hadithi inapata uzito. Asipoyaonyesha, tunabaki na kilio kisichotufundisha lolote kuhusu sanaa.

Tulianza na hadithi fupi ya Honoré de Balzac iliyotoka mwaka 1831, ambayo sisi tunaiita Kazi Bora Isiyojulikana. Mambo yanatokea Paris, mwaka 1612. Kijana Nicolas Poussin, ambaye katika historia ya kweli alikuja kuwa mchoraji mkubwa wa Ufaransa, anapanda ngazi za nyumba ya mchoraji Porbus na kumkuta humo mzee wa ajabu aitwaye Frenhofer. Porbus amechora picha ya Mtakatifu Maria wa Misri. Mzee anaitazama, anakubali kwamba mistari iko sawa, lakini mwanamke huyo, anasema, hana uhai. Hewa haipiti nyuma ya mgongo wake. Halafu anakunja mikono ya nguo, anashika brashi, na kuanza kupaka. Mguso hapa, mng'ao pale, jasho linamtoka usoni, maneno hayamwishi mdomoni, na picha iliyokuwa imelala inaanza kupumua.

Ukurasa huo huwa nataka usomwe kwa sauti, tena mara mbili. Ni nadra mwandishi kukuonyesha mkono wa mchoraji ukiwa kazini hivyo. Waandishi wengi wakifika hapo huruka: "akachora usiku kucha, asubuhi picha ikawa tayari." Balzac haruki kitu.

Baadaye tunaelezwa kwamba mzee ana picha yake ya siri, ya mwanamke mmoja, ambayo ameishughulikia kwa miaka 10 na hajamwonyesha mtu. Siku Porbus na Poussin wanaporuhusiwa kuiona, hawaoni mwanamke. Wanaona rangi zilizorundikana, mistari iliyovurugana, ukuta mzima wa rangi. Wakisogea karibu, kwenye kona ya chini wanakuta ncha ya mguu. Mguu mtupu, mzuri, hai kabisa, uliookoka katika vurugu ile. Usiku huo mzee anachoma picha zake na kufa.

Hapo klabu iligawanyika. Wengi walisema mzee alikuwa kichaa. Lakini tuna mwanachama mmoja kijana ambaye riziki yake ni kuchora mabango ya maduka na saluni, naye alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema: "Shikamoo Mwalimu, shikamooni wakubwa. Mimi huyu mzee sioni kama ni kichaa. Hakujua kuacha tu. Rangi ya mafuta ukiirudiarudia kila siku juu ya nyingine, inageuka tope." Nimesoma uchambuzi mwingi wa hadithi hii, na bado naona maelezo yake ndiyo yaliyogonga penyewe, kwa sababu yanatoka kwenye kazi. Na yanatuonyesha kwamba ule mguu ni sehemu ambayo mzee aliacha kuigusa mapema.

Wachoraji wenyewe waliisoma hadithi hii kama habari zao. Mchoraji Émile Bernard alisimulia kwamba alipomtajia mchoraji mwenzake Paul Cézanne jina la Frenhofer, Cézanne aliinuka mezani na kujigonga kifua kwa kidole, bila neno, machozi yakimlenga: ni mimi huyo. Picasso alitengeneza michoro ya toleo la hadithi hii lililotoka mwaka 1931, na mwaka 1937 akachora Guernica, picha yake maarufu ya vita, katika karakana iliyokuwa mtaa uleule wa Grands-Augustins ambako Balzac aliiweka nyumba ya Porbus.

Kuna mtu mmoja ambaye wasomaji humsahau, na Balzac alimweka pale kwa makusudi. Ni Gillette, mpenzi wa Poussin. Ili kijana aruhusiwe kuiona picha ya siri, inabidi mpenzi wake akubali kuvua nguo mbele ya mzee atazamwe kama kielelezo. Hataki, lakini anakubali kwa mapenzi. Wanaume watatu wanapobishana mbele ya turubai, yeye analia kwenye kona, na hakuna anayemkumbuka mpaka Poussin anaposikia kwikwi. Dada mmoja muuguzi aliuliza swali lililotuchukua kikao kizima: picha ya mwanamke inathaminiwa kuliko mwanamke aliye hai chumbani?

Swali hilo ndilo lililonifanya nichague riwaya ya pili, ile ya Tracy Chevalier ya mwaka 1999 kuhusu msichana mwenye hereni ya lulu. Hapa aliyekuwa kwenye kona ndiye anayesimulia. Griet ni mtumishi wa ndani katika nyumba ya mchoraji Johannes Vermeer, mjini Delft, Uholanzi, katika karne ya 17. Anafua, anasugua sakafu, ananunua nyama, na baadaye anasaga rangi kwa siri. Picha ya msichana mwenye hereni ipo kweli, Vermeer aliichora karibu na mwaka 1665, na leo iko katika jumba la makumbusho la Mauritshuis huko The Hague. Katika riwaya aliyechorwa ni Griet, lakini katika historia msichana huyo hajulikani ni nani. Huenda hata hakukusudiwa kuwa mtu fulani. Wachoraji wa Kiholanzi wa wakati ule walikuwa na desturi ya kuchora nyuso za namna hiyo kama mazoezi na maonyesho ya ufundi. Kwa hiyo Griet ni wa kubuni mtupu, na Chevalier hana la kuthibitisha. Alichonacho ni rangi.

Na rangi anazijua. Ile buluu ya kilemba cha msichana inatokana na jiwe la lapis lazuli lililosafirishwa kutoka Afghanistan, rangi ya gharama kubwa mno kwa mchoraji mwenye familia kubwa na madeni. Vermeer alipofariki mwaka 1675 akiwa na miaka 43, mjane wake alilazimika kumkabidhi mwoka mikate picha mbili kwa sababu ya deni. Ukishajua hilo, kila mara Griet anapoponda lile jiwe unaona pesa ya chakula ikiingia kwenye kinu.

Kuna sehemu mchoraji anamwita dirishani na kumuuliza mawingu yana rangi gani. Anajibu: meupe. Anaambiwa atazame tena. Anatazama, na taratibu anaanza kuona buluu, njano, kijivu. Tulipofika hapo niliwaomba wote wafunge vitabu, tukatoka nje jioni hiyo kuangalia mawingu juu ya bahari. Mzee mmoja mstaafu wa bandari, aliyeyatazama mawingu hayo maisha yake yote kazini, alitaja rangi ambazo sisi wengine hatukuziona mpaka alipozionyesha kwa kidole.

Nina sharti moja kwenye riwaya za aina hii: hakuna kuitafuta picha kwenye simu kabla ya kumaliza kusoma. Ukiiona mapema, maneno yanageuka kuwa maelezo ya chini ya picha. Ukimaliza, itazame kwa muda mrefu. Utagundua lulu yenyewe haina hata kikulabu cha kuishikilia sikioni. Ni miguso michache ya rangi nyeupe. Wataalamu walioichunguza picha mwaka 2018 walikuta pia kope nyembamba ambazo macho yetu hayazioni tena, na dalili za pazia la kijani katika usuli tunaouona mweusi.

Baada ya Ulaya tukarudi nyumbani, kwa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Nilitaka msanii ambaye kazi yake bado tunaweza kuisikia. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki na Ali Muhsin, akaiimba taarab kwa Kiswahili wakati heshima yote ilikuwa kwa Kiarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumkumbusha alivyokuja mjini na kaniki, na kwamba bila sauti asingepata la kula. Naye akawajibu kwa wimbo.

Shaaban Robert alipata kumhoji kabla hajafariki mwaka 1950. Lakini hata katika wasifu, Shaaban anabaki mwalimu wa maadili: Siti wake ni mfano mwema, mwenye subira, mkarimu, anayeushinda unyonge wa nasaba kwa kipaji na tabia njema. Kitabu nakipenda na nitaendelea kukifundisha. Hata hivyo, kwa kipimo chetu cha mwaka huu kilitubakiza na njaa. Tulitaka kumsikia fundi wake akimsahihisha, tulitaka mazoezi usiku, nani alitunga beti zipi, udi na fidla vilimpishaje apumue.

Mama mmoja mwenye asili ya Unguja hakukubaliana nami hata kidogo. "Mwalimu," akasema, "wakati ule ilibidi kwanza watu wakubali kuwa mwanamke mwimbaji ana heshima. Mazoezi yangefuata." Ana haki. Mwaka ule kitabu kilipoandikwa, kumtetea Siti kama binadamu kamili ilikuwa ndiyo kazi ya dharura, na Shaaban aliifanya. Ila leo heshima hiyo haina mpinzani, na bado wasifu wa wasanii wetu huandikwa kwa mtindo uleule. Edward Saidi Tingatinga tunamsimulia zaidi kwa kifo chake, kupigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972, kuliko kwa rangi za kupakia baiskeli alizozifanya ziimbe juu ya vipande vya hadibodi.

Kwa hiyo kwa anayeanzisha klabu ya namna hii, mpangilio wangu ni huu: Balzac kwanza kwa sababu hadithi yake ni fupi na inazua ubishi siku ya kwanza, Chevalier wa pili, Siti wa mwisho. Kwa Siti, someni kitabu chote ndipo mpige santuri zake, halafu Bi Kidude akiimba nyimbo zilezile. Waimbaji hawa wawili hawavuti pumzi mahali pamoja kwenye ubeti, na wanachama wataanza kubishana wenyewe kabla hujauliza swali.