Visiwa vya atolli havikukaa kwenye ukingo wa kreta

Kwetu Moshi, tuliozoea habari za kreta ya Kibo, yaani shimo la volkano kileleni mwa Kilimanjaro, ni rahisi kuamini dhana ya zamani kwamba atolli, yaani pete ya visiwa vya matumbawe baharini, ni mdomo wa volkano iliyozama. Sivyo. Kreta ya Kibo ina upana wa kilomita 2 na ushei. Maji yaliyozungukwa na visiwa vya atolli ya Kwajalein, Pasifiki, yanazidi kilomita za mraba 2,000! Mwanasayansi Charles Darwin alieleza mwaka 1842: mlima wa volkano huzama polepole, matumbawe yaliyouzunguka yakizidi kujijenga kuelekea kwenye mwanga. Mwaka 1952, kule Enewetak, atolli nyingine ya Pasifiki, wachorongaji walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe ndipo wakagusa jiwe la volkano. Visiwa vyenyewe ni mchanga na vipande vya matumbawe vilivyorundikwa na mawimbi.