Nyuzi 22 sio joto la kawaida kwa panya

Wiki hii tu, kwenye maabara za panya wa majaribio, nimeisikia mara tatu: "chumba kiko sawa, nyuzi 22, joto la kawaida". Kawaida kwa nani? Kwako wewe mwenye jinzi na koti la maabara. Panya wa gramu 25 joto linamtoka haraka mno, yeye anatulia kwenye nyuzi 30 hivi, ukimuweka 22 anapigana na baridi usiku na mchana, mafuta ya kahawia yanachoma kalori ili apate joto, simpathetiki (mishipa ya fahamu inayouamsha mwili na kukimbiza moyo) imewaka muda wote na mzigo unaishia kwenye moyo. Mapigo yanakaa 550 hadi 600 kwa dakika, mhamishie kwenye 30 utaona yanashuka hadi 400 hivi, na presha nayo inashuka. Hebu chungulia kizimba asubuhi: wamerundikana kona moja, pua zimezama kwenye pamba, unaona migongo tu.

Halafu mtu anawapa chakula chenye asilimia 60 ya kalori kutoka kwenye mafuta, anapima moyo, anaandika "chakula kimefanya hivi". Hapana jamani, umepima chakula pamoja na baridi! Na usiniambie baridi haina shida kwa vile makundi yote mawili yako chumba kimoja, maana baridi inabadilisha hata jinsi chakula kinavyofanya kazi mwilini. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba panya wasio na UCP1, ile protini ya kutengeneza joto kwenye mafuta ya kahawia, wananenepa wakiwekwa kwenye joto lao la 30, wakati kwenye baridi ya kawaida ya maabara unene huo ulikuwa hauonekani. Jeni ile ile, jibu tofauti. Sisemi kila kitu kifanyike kwenye 30, nasema waweke wengi kizimba kimoja, wape pamba ya kutosha, gramu 8 hivi, na uandike joto na idadi yao kwenye ripoti, kwa sababu panya aliyekaa peke yake ana baridi kuliko waliolala watano.

Kuna wanaosema "kontroli (kundi la kulinganishia) wale tu chakula cha kawaida cha stoo". Kile kina soya na nyuzinyuzi za aina ambazo chakula chako cha mafuta hakina, na tangu 2006 tunajua soya ilizidisha ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene kwa panya dume wenye mutesheni (hitilafu ya jeni) inayouleta, waliopewa protini ya maziwa wakawa na nafuu. Nunua chakula cha kontroli kinacholingana na kile cha mafuta.

Kumnyima chakula usiku kucha nako sio sawa na mtu kufunga, panya anakula usiku, kwenye baridi akikosa anazimika kama yuko kwenye usingizi mzito, joto la mwili linaporomoka na mapigo pia.

Na kwenye eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), ukiona mapigo 350 usikimbilie kuandika moyo dhaifu. Dawa ya usingizi imemshusha joto. Angalia kwanza kipimajoto cha mkunduni, mpashe mpaka 37, punguza dawa, ndo upime tena.