Pevingi hazizami zenyewe

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, mama mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alinipigia simu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Njoo uone, pevingi zangu zimezama." Nilimkuta kibarazani akitazama madimbwi mawili marefu, kila moja upana wa tairi, kuanzia getini hadi kwenye tangi la maji. Alikuwa ameshamlaumu aliyemuuzia vitofali vya pevingi. Lakini vitofali vilikuwa vizima, vya unene wa milimita 60, vimepangwa vizuri hata macho yalifurahi. Nilifumua eneo la kama mita moja ya mraba. Chini yake palikuwa na mchanga uliolowa, unene wa sentimita 12, kisha udongo ule ule wa shamba la zamani, na ndani yake kisiki cha mgomba kilichoanza kuoza.

Nikamuuliza maji anapata wapi. "Kwa boza, mara mbili kwa mwezi." Boza la lita 10,000 limebeba tani kumi za maji peke yake, gari lenyewe halijahesabiwa. Hapo nilikuwa nimeshapata jibu.

Kazi yangu ni kutengeneza mazingira ya nyumba: njia, maegesho, kuta za kuzuia udongo, mifereji, bustani. Wateja wengi wananiita wakiwa wameshachagua rangi ya vitofali. Mimi naanza kwa kuuliza maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Piga hesabu hii kwa nyumba yako: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, na mvua ya namna hiyo Dar es Salaam si jambo la ajabu, linamwaga lita 5,000. Lita zote hizo zinadondokea pembezoni mwa msingi, zinatafuta pa kupita. Usipozitengenezea njia zitajitengenezea, na mara nyingi zitapita chini ya pevingi.

Kwa hiyo siku ya kwanza hatuchimbi. Tunapiga mambo, yaani vigingi, tunavuta kamba, tunachukua levo (usawa) kwa mpira wa maji. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji bila kiputo cha hewa, haudanganyi hata kwa umbali wa mita 20. Uso wa pevingi nautaka ushuke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kuelekea mferejini. Ukipungua sana chini ya hapo maji yanatuama, na wala jicho halitakuonya. Njia yenye mteremko sahihi inaonekana kama tambarare kabisa.

Kisha udongo. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, weka udongo hadi nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache juu ya meza. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja au mbili, tope laini linafuata baada ya saa chache, udongo wa mfinyanzi unaweza kuelea hadi kesho yake. Ukiona tabaka la mfinyanzi ni nene, jiandae kuchimba zaidi. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa kule Shinyanga na sehemu za Dodoma, huo siujengei juu yake kabisa. Unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nautoa, naleta moramu, yaani udongo wa changarawe.

Moramu ndiyo inayobeba gari, na hapo ndipo nawaomba wateja wangu wasibane fedha. Kwa maegesho ya gari dogo naweka sentimita 15 zilizokwisha kushindiliwa. Pale boza linapopita, 20 au zaidi. Nao ushindiliaji una masharti. Nilipokuwa kijana kazini niliwahi kumwaga kifusi cha sentimita 40 kwa mara moja na kupitisha mashine ya kushindilia juu yake hadi pakawa pagumu kama zege. Ule ugumu ulikuwa wa juu tu. Nguvu ya ile mashine ndogo ya sahani haifiki chini namna hiyo, na baada ya masika mawili njia ya mteja yule ilikuwa na mawimbi. Niliirudia kwa gharama yangu. Tangu hapo namwaga sentimita 10, zisizidi 15, nashindilia, ndipo naongeza tabaka jingine.

Unyevu nao una kipimo chake, na kipimo chenyewe ni kiganja. Finyanga moramu mkononi. Ikishikamana kama tonge, na ukiibonyeza kwa kidole gumba ikavunjika vipande viwili, iko tayari. Ikimwagika kama unga, nyunyizia maji. Ikiacha maji kiganjani, subiri jua, maana ukishindilia tope litacheza tu chini ya mashine.

Juu ya moramu ndipo unakuja mchanga, sentimita 3. Si 12! Mafundi wengi wanatumia mchanga kusawazisha makosa ya chini, na mchanga mwingi ndio unaohama tairi linapokanyaga. Nalaza mabomba mawili ya unene wa milimita 30, namwaga mchanga kati yake, napitisha mbao iliyonyooka, nayatoa mabomba. Hakuna anayekanyaga tena mpaka vitofali vipangwe. Mchanga uwe wa chenga chenga na msafi. Wa baharini una chumvi, na chumvi hiyo hupanda na kutoa madoa meupe juu ya vitofali. Hata wa mtoni nautumia kwa kiasi. Ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa na bahari kwa miaka mingi, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoulisha ni moja ya sababu zinazotajwa na watafiti. Kila sentimita tisa za mchanga usiohitajika zimetoka mahali.

Ukingo wa zege pembeni ni wa lazima. Bila huo vitofali vinatambaa. Kwenye njia ya magari vipange kwa mtindo wa mfupa wa samaki, kwa sababu tairi linapokata kona kila kitofali kinazuiwa na jirani zake. Na hapo tumia vya milimita 80. Malizia kwa kufagilia mchanga laini mkavu kwenye viungio, pitisha mashine, fagilia tena.

Goba ni vilima, kwa hiyo kulikuwa na suala la ukuta pia. Watu wanadhani ukuta wa kuzuia udongo unaangushwa na udongo. Mara nyingi ni maji. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita moja, kila mita ya urefu wake inasukumwa kwa nguvu ya takribani kilo 500, mbali na udongo wenyewe. Nyuma ya ukuta wa mawe naweka kokoto upana wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu, zikitenganishwa na udongo kwa kitambaa cha kuchuja, na naacha matundu ya bomba la milimita 75 kila baada ya mita moja na nusu. Upana wa kitako cha ukuta wa mawe wa kimo cha mita moja haupungui sentimita 50. Ukizidi mita moja na robo, namwita mhandisi, sijaribu bahati.

Mteremko uliobaki tulipanda nyasi za vetiva. Mizizi yake inashuka wima hadi mita tatu, inashona udongo. Mti wa mkungu niliukataa karibu na pevingi, ingawa mama anaupenda kivuli chake. Mizizi yake inakwenda juu juu na kuinua vitofali. Tukaupeleka mwisho wa kiwanja.

Vitofali vyake vya zamani hatukutupa. Vilihamia kwenye njia ya miguu ya kwenda jikoni, na njia ya boza ikapata vipya. Nilimweleza kwamba baada ya mvua kubwa ya kwanza mchanga wa viungio utashuka, nitarudi kuujaza. Nilirudi mwezi wa kumi na moja, vuli ikiwa imeanza, na mfuko wa mchanga mkavu begani. Nikamkuta yeye na mjukuu wake wameshamaliza upande wote wa getini kwa ufagio wa chelewa.